Mama Vigelegele na Mkono wa Kinda

Katika shule ile, chumba cha michezo ulikijua kwa masikio kabla hujakiona kwa macho. Kilikuwa mwisho kabisa wa korido, mlango wa bluu, zamani stoo ya chaki na viti vilivyovunjika miguu. Kila Jumanne na Alhamisi, watoto wakishatoka mapumziko, vilikuwa vikitoka humo vigelegele vya kupasua hewa. Mwalimu wa darasa la sita, ambaye ukuta wake na wa chumba hicho ulikuwa mmoja, alikuwa anaweka chaki chini, anasubiri viishe, kisha anawaambia watoto wake, "Haya, kuna mtu ameshinda huko. Tuendelee."

Mpigaji alikuwa mwanamke wa umri wa kati, mfupi, mwenye mwanya na kilemba kisichokaa sawa. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye makaratasi ya ofisini. Walimu, watoto, hata mlinzi wa getini walimwita Mama Vigelegele, na yeye aliitika kama vile amezaliwa nalo.

Hakuajiriwa kucheza na watoto. Aliajiriwa kufagia. Miaka sita nyuma alikuwa anapiga deki korido ileile, amevaa ndala na amekunja sketi, akamwona mtoto mmoja mwenye vyuma miguuni amesimama peke yake, amejishikiza ukutani. Mtoto akautazama ukuta, akatazama sakafu, akaachia ukuta. Akapiga hatua moja. Hakuna aliyekuwa pale zaidi ya mfagizi na ndoo yake. Dekio likamtoka mkononi, na kabla hajajua anafanya nini, koo likafunguka. Alipiga vigelegele mpaka njiwa wakaruka paani. Mtoto akacheka, akapiga hatua nyingine mbili.

Mlango wa bluu ukafunguliwa. Akatoka mwanamke mwembamba wa miwani, mgeni shuleni wakati ule, aliyesomea kutibu watoto kwa michezo. Wote walimwita Mtaalamu.

"Nani huyo?" akauliza.

Mfagizi akajua kazi imekwisha. "Ni mimi, mwalimu. Nisamehe, vimenitoka tu."

"Visikuishie," Mtaalamu akasema. "Weka ndoo hapo, njoo na vigelegele vyako humu ndani."

Ndivyo alivyoingia chumba kile, kwa mdomo wake. Alijua hivyo, na aliwaambia watu hivyo bila aibu. Wengine wanaingia kazini kwa vyeti, yeye aliingia kwa koo.

Chumba chenyewe hakikuwa cha ajabu. Magodoro matatu yaliyofunikwa plastiki ya kupangusika, matairi yaliyopakwa rangi, mipira yenye kengele ndani kwa ajili ya wasioona, na vifuko vya maharage alivyovishona Mama Vigelegele mwenyewe kwa mabaki ya mapazia. Mgeni angefikiri watoto wanapitisha muda tu. Lakini kila mtoto alikuwa na fomu kabatini, na kwenye kila fomu limeandikwa jambo moja dogo. Mmoja, adake mpira kwa kusikiliza kengele. Mwingine, asubiri zamu bila kumpiga mwenzake. Mama Vigelegele, aliyeishia darasa la saba, alizisoma fomu hizo kwa kidole, polepole, na akishasoma hasahau.

Nafasi zilikuwa nane tu. Ndani ya mlango wa kabati kulikuwa na orodha ya watoto kumi na mmoja wanaosubiri. Kwa hiyo kulikuwa na sheria: mtoto akikaa mihula miwili na jambo lake halijasogea, anaacha nafasi kwa mwingine. Mtaalamu aliiandika sheria hiyo kwa mkono wake mwenyewe, na kila alipofungua kabati aliikwepa kwa macho.

Muhula ule, aliyekuwa ukingoni ni Kinda.

Kinda alikuwa na miaka tisa. Watu wa hospitali waliita hali yake mtindio wa ubongo. Mama yake alimwita Kinda kwa sababu alikunja mikono kifuani kama kifaranga aliyelowa, na jina likamganda. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu, hakusema maneno, lakini macho yake yalisema mpaka ukajisikia umejibiwa. Mkono wake wa kushoto haukutaka kazi kabisa. Wa kulia ulishika. Tatizo ni kwamba ukishashika, umeshika. Ukimpa kijiko asubuhi, mchana bado kiko naye.

Fomu yake ilisema: *Aachie kitu mwenyewe, kwa kupenda kwake, mara tatu.*

"Kwa nini kuachia?" Mama Vigelegele aliwahi kuuliza siku za mwanzo. "Wenzake wanafundishwa kudaka."

"Asiyeachia hachezi na mtu," Mtaalamu akamjibu. "Hawezi kurusha, hawezi kumpa mwenzake zamu. Anabaki kuwa mtu wa kutazama."

Neno hilo lilimchoma Mama Vigelegele, akajifunga kibwebwe. Kila Jumanne na Alhamisi alipiga magoti mbele ya kile kiti, akaweka kifuko cha maharage kwenye kiganja cha Kinda na ndoo chini yake, na akaanza.

"Achia, mama! Achia, malaika wangu! Kinakwenda hicho, kinakwenda, kinakwendaaa!"

Wale wengine saba nao walidakia, wakipigapiga mapaja na magodoro: "Ki-nda! Ki-nda!" Aliyeongoza kelele alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili aliyeitwa Kamishna, kwa sababu hakuna jambo lililofanyika chumbani bila yeye kutoa amri. Kidole kimoja cha Kinda kinaanza kunyooka. Cha pili kinafuata. Mama Vigelegele anajaza pumzi kifuani, na papo hapo mkono unajifunga kama mlango uliopigwa na upepo, mabega yanapanda masikioni, kifuko kinabanwa mpaka maharage yanalia.

"Karibu!" Mama Vigelegele anasema, jasho likimtiririka. "Leo alikuwa karibu kabisa. Tumtie moyo zaidi!"

Na walizidi kumtia moyo. Mihula miwili walimtia moyo.

Mama yake Kinda alikuwa binti mdogo tu, hajafika miaka thelathini, fundi cherehani wa nyumbani, mwenye sauti ya chini na mtoto mchanga mgongoni. Mchana alipokuja kumchukua Kinda alisimama mlangoni, hakuingia mpaka aitwe. Siku moja alisema, huku akitazama sakafu, "Nyumbani anaachia."

Mama Vigelegele akamgusa bega kwa huruma. Mama gani asiyesema hivyo? "Mwanangu, kila mtoto nyumbani kwao ni bingwa. Usijali, tutafika."

Binti akatabasamu, akakisukuma kiti cha mwanawe.

Jumanne ya wiki ya mwisho ya muhula, gurudumu la mbele la kile kiti liling'oka pale getini, likabingirika peke yake mpaka kwenye mtaro. Mlinzi alilikimbilia kama mtu anayefukuza kuku. Mume wa Mama Vigelegele alikuwa fundi baiskeli, kwa hiyo gurudumu likaingia kwenye mfuko wa Mama Vigelegele, kiti kikabaki kwa mlinzi, na Kinda akapanda mgongoni kwa Mama Vigelegele.

"Utachoka, mama," binti akasema.

"Nichoke? Nimebeba ndoo za maji shule hii miaka mingapi? Na ndoo hazinukii sabuni nzuri kama huyu."

Kwao Kinda palikuwa chumba kimoja na kibaraza, cherehani dirishani, na rundo la sare za shule ambazo hazijatiwa kola. Binti alimlaza mchanga kwenye mkeka, akageuka na kidole mdomoni. "Naomba sauti kidogo, mama. Huyu akiamka, leo sishoni hata kola moja."

"Mimi? Hutanisikia," Mama Vigelegele akanong'ona, kwa mnong'ono wa kusikika barabarani.

Binti akamkalisha Kinda chini, mto nyuma, ukuta nyuma ya mto. Akaweka kando yake kopo la vibanio vya nguo na beseni la bati. Kisha akaenda kwenye cherehani, akampa mgongo. Hakusema "haya". Hakumtazama hata.

Cherehani likaimba, likanyamaza binti alipokata uzi, likaimba tena. Mama Vigelegele aliketi kwenye kigoda, akisubiri maji ya kunywa aliyoahidiwa. Kinda akachokonoa kopo mpaka kibanio kimoja kikaingia kwenye vidole. Akaupeleka mkono juu ya beseni, polepole, kama mtu anayevuka kwenye utelezi. Cherehani likanyamaza. Kidole kimoja kikanyooka. Cha pili. Cha tatu.

*Tik.* Kibanio kikaanguka kwenye beseni.

Mama Vigelegele akashika mdomo kwa mkono. Kinda hakuona. Alikuwa kazini. Akatafuta kingine. Ikachukua muda wa kushona upande mzima wa shati. *Tik.* Mama Vigelegele akaweka mkono wa pili juu ya ule wa kwanza. Machozi yakamjaa. Kibanio cha tatu kikapaa juu ya beseni, kidole kikanyooka, na kile kilichojaa kifuani kwa mihula miwili kikapita katikati ya mikono yote miwili.

Alipiga vigelegele.

Mchanga akaruka kwenye mkeka, akalia kama aliyechomwa. Mikono ya Kinda ikarushwa juu, mgongo ukakakamaa, kichwa kikagonga mto. Ngumi ikajifunga, na kibanio kikabaki ndani yake.

Binti aliacha cherehani. Alimnyanyua mchanga, akamweka begani, akapiga magoti kando ya Kinda. Kwa dole gumba akaanza kusugua kiwiko cha mkono ule, duara dogo, duara dogo, kimya, mpaka mabega yakashuka.

"Huwa hivi akishtuka," akasema mwishowe, akinong'ona. "Hata mlango ukibamizwa. Mwili unajifunga wenyewe. Si kwamba anakataa."

Mama Vigelegele alikuwa bado amesimama. Hakukumbuka kusimama. "Na shuleni?" akauliza.

Binti akamfuta mchanga kamasi.

"Shuleni mnampenda sana, mama."

Mama Vigelegele aliondoka bila kunywa yale maji.

Nyumbani kwake, mumewe alikuwa ameketi juu ya boksi la spana. Alilipokea gurudumu, akalizungusha kwenye kidole, akamtazama mkewe. Alikuwa mtu wa maneno machache, kwa sababu nafasi ya maneno katika nyumba ile ilikuwa imeshachukuliwa. Leo ilikuwa wazi, ikamtia wasiwasi.

"Unaumwa?"

"Ni mimi," akasema mkewe. "Ule mkono, aliyekuwa anaufunga ni mimi." Akamweleza yote, beseni, vibanio, na yule mchanga. "Alhamisi wanafunga fomu. Mtoto anatolewa mchezoni, na mimi ndiye niliyekuwa nampigia kelele abaki."

Fundi akapaka grisi kidogo kwenye beringi. "Basi Alhamisi nyamaza."

"Unaona rahisi!"

"Rahisi? Miaka kumi na tisa nakuomba unyamaze wakati wa taarifa ya habari. Leo mtoto wa watu amekuweza kwa mchana mmoja. Nampa heshima zake."

Mkewe akacheka kidogo, bila kutaka, kisha akasema kilichokuwa kinamkaa kooni. "Mimi niliingia kule kwa huu mdomo. Nikiufunga, nimebaki nani? Si narudi kwenye ndoo?"

Mumewe akalizungusha gurudumu, likalia *shwaaa* bila kugusa kitu. "Mtaalamu umemwambia?"

"Bado."

"Unamwogopa."

"Namwogopa."

"Mwambie na uoga wako hivyohivyo," fundi akasema, akamrudishia gurudumu.

Alhamisi alifika shule kabla ya mlinzi hajamaliza chai. Mtaalamu alikuwa anajaza mpira pumzi. Mama Vigelegele alisimulia akiwa amesimama wima, kama mtoto aliyeitwa ofisini. Mtaalamu alisikiliza, na jinsi alivyosikiliza pampu ikazidi kupunguza mwendo, mpaka ikasimama. Akakaa juu ya tairi jekundu.

"Mimi ndiye mwenye cheti," akasema. "Hili la kushtuka nililisoma. Lilikuja kwenye mtihani, nikalipata. Kisha nimekaa humu mihula miwili, napiga makofi."

Walitazamana. Mtaalamu akaanza kucheka, miwani ikajaa ukungu, na haikujulikana ni kucheka au ni kingine.

"Kwa hiyo mimi nirudi kwenye ndoo?" Mama Vigelegele akauliza.

"Ndoo gani tena? Mimi nimemtazama kwa fomu, wewe umekwenda kukaa kwao. Kaa chini tufikiri. Hawa wengine bila shangwe hawachezi, unawajua. Leo tutashangilia vipi?"

Mama Vigelegele alikumbuka darasa la viziwi kule ng'ambo ya uwanja. Timu yao ikifunga bao, wananyanyua mikono juu na kuitikisa, vidole wazi, kama majani kwenye upepo. Akainua yake, akaitikisa. Mtaalamu akaitikisa yake. Wanawake wawili wazima wakakaa wakipepea mikono kwenye stoo ya zamani ya chaki.

Kamishna hakuipokea sheria mpya vizuri. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alimwachia mwenzake aanze mchezo, akasubiri malipo yake. Mikono ikapanda juu, ikatikiswa. Akaitazama.

"Vigelegele viko wapi?"

"Leo ni vya mikono," Mama Vigelegele akanong'ona.

"Mikono haina sauti."

"Ndiyo maana yake."

"Umeumwa koo?"

"Hapana."

"Umegombana na mume wako?"

"Hapana, Kamishna."

Kamishna akafikiri. "Muhula ujao nataka vitatu. Vya nguvu."

Zamu ya Kinda ikafika. Mama yake aliitwa ndani, akaketi kwenye kona, mchanga kifuani. Lile beseni la bati, aliloombwa alilete, lilikuwa chini ya mkono wa Kinda, na vibanio kwenye kopo lake. Mtaalamu hakukaa mbele ya mtoto. Alikaa ubavuni, fomu ameilaza kifudifudi, akajifanya anafunga kamba za viatu. Mama Vigelegele aliketi kwenye godoro la mbali. Alivuta pindo la kilemba chake, akalitia mdomoni, akaling'ata.

Ukimya wa chumba kile ulikuwa kitu kigeni. Ulisikia saa ya ukutani, ambayo miaka yote watu walidhani ni mbovu.

*Tik.* Mikono minane, kumi, kumi na mbili ikapanda juu, ikatikisika. Kinda akainua macho, akaona msitu wa vidole. Mdomo wake ukaenda upande, namna anavyotabasamu. Mkono haukufunga. Akarudi kopani.

*Tik.* Mikono tena. Mama Vigelegele alikuwa ameshaingiza nusu ya kilemba.

Kibanio cha tatu kilikuwa juu ya beseni, kidole kimoja kimenyooka, mara upande wa pili wa ukuta darasa la sita wakaanza kusogeza madawati. *Krrrrr!* Mwili wa Kinda ukaruka, mabega juu, ngumi ikajifunga.

Saa ikaonyesha dakika saba kabla ya kengele. Dawati jingine, *krrrr*. Kila mfupa wa Mama Vigelegele ulitaka kupiga magoti pale na kusema "achia, malaika wangu". Aling'ata. Akamtazama yule binti kwenye kona, na binti akamtikisia kichwa kidogo sana: subiri.

Aliyeshindwa kusubiri ni Kamishna. Aliinuka, akafungua mlango wa bluu kwa upole wa ajabu, akatoka. Wakasikia mlango wa jirani ukifunguliwa, na sauti yake ya amri, iliyobanwa ikawa ndogo lakini ya ukali uleule:

"Nyamazeni! Huku kuna mtu anashinda."

Madawati yakasimama.

Kamishna akarudi, akafunga mlango kwa vidole viwili, akakaa. Mabega ya Kinda yakashuka, kidogo, kidogo tena. Vidole vikafikiria. Kimoja. Viwili. Vitatu.

*Tik.*

Mtaalamu aliinua miwani, akajifuta, akaweka miwani. Alipomtazama Mama Vigelegele alimwona amekuwa mwekundu wa macho, mashavu yamevimba, kilemba mdomoni, mwili mzima unatetemeka kama birika linalochemka. Akamwonyesha mlango kwa kidevu.

Mama Vigelegele alitoka kwa kunyata. Alipita darasa la sita kwa kunyata, watoto arobaini wakimchungulia dirishani. Alipofika bombani akaanza kutembea haraka, alipopita jiko akakimbia, ndala moja ikabaki nyuma. Nyuma ya jiko, karibu na uzio, kulikuwa na pipa tupu la maji lenye kutu. Akatumbukiza kichwa na mabega yote ndani, akafungua koo.

Vilisikika shule nzima. Vilitoka vimezama, kama vinatoka chini ya kisima, virefu, havikatiki. Mwalimu wa darasa la sita aliweka chaki chini. Safari hii hakusema "tuendelee" kwa haraka.

Kule chumbani vilifika vikiwa vidogo na vya mbali. Mkono wa Kinda ulitetemeka, ukasita. Haukufunga. Kisha Kinda akacheka kwa sauti, kicheko cha kwikwi, akageuzia macho kopo la vibanio.

Mtaalamu alikuwa amekwisha kuigeuza fomu na kalamu iko mkononi, lakini akasubiri. Maana Kamishna alikuwa amelisukuma beseni kando kwa mguu, akaweka kiganja chake mwenyewe pale.

"Nipe mimi," akasema, taratibu kabisa.

Mama Vigelegele aliporudi, mashavu yana kutu na ndala iko mkononi, aliwakuta hivyo: mkono mmoja umekunjwa juu, kiganja kimefunguliwa chini yake, na mama yake Kinda amesogea kutoka kwenye kona yake bila kuitwa. Vidole vikanyooka. Kibanio kikaangukia kiganjani, bila sauti yoyote. Kamishna akakitazama, akakirudisha kwenye vidole vya Kinda.

"Zamu yako tena," akasema.

Mama Vigelegele alilitafuta pindo la kilemba, akalirudisha mdomoni.